Bingwa Aliyeogopa Barafu ya Nje

Nasaba yake sitaigusa. Akianza kuieleza mwenyewe, babu huyu na bibi yule, uwanja wetu unafungwa hajamfikia baba yake. Itoshe kusema alikuja Toronto akiwa kijana, Mhindi wa Dar, na Kiswahili chake kilibaki kile cha Kariakoo ya enzi hizo. Sote tulimwita Bingwa, kwa sababu ukimwita vingine haitiki. Mzee ndiyo usithubutu kabisa.

Mimi ninanoa viatu vya barafu. Nikiwaambia hivyo ndugu zangu wa Tanga kwenye simu wananiuliza kama nina kazi nyingine. Ni hivi: chini ya kila kiatu pana chuma chembamba chenye makali mawili, ya ndani na ya nje, na makali yakifa mtoto anaanguka. Nina kijichumba changu kando ya uwanja wa barafu hapa Flemingdon Park, mashine yangu, kiti changu, na dirisha la kupokelea viatu. Dirisha hilo ndilo lililoniponza. Bingwa aliligeuza baraza.

Kila Jumamosi asubuhi alishuka kwenye basi la Don Mills akiwa na mfuko wa plastiki, na ndani ya mfuko mna kikombe. Kikombe cha ushindi, lakini kidogo, ungekitia kahawa isingewatosha watu wawili. Alikiweka dirishani kwangu kama aliyekisahau, akajifanya anatafuta miwani, akasubiri mzazi mgeni apite. Mzazi mgeni hakosekani.

"Hiki nini, Bingwa?"

"Hiki? Aa, kitu kidogo tu cha zamani."

Kisha anavua skafu. Ukimwona anavua skafu jua chai yako itapoa.

Alikuwa bingwa wa mkoa mzima, kuteleza wawili wawili, mwanamume na mwanamke, miaka miwili mfululizo. Kwa asiyeujua mchezo huo: wanateleza pamoja, kisha mwanamume anamnyanyua mwenzake juu ya kichwa, mkono mmoja, huku anakwenda kinyumenyume kwa kasi. Mwanamke yuko huko juu amenyoosha mikono, anatabasamu. Mara ya kwanza kuuona nilisoma dua zote ninazozijua na nyingine nikazibuni.

Siku moja nikamuuliza, kwa nia mbaya kabisa, "Bingwa, mwaka ule wa kwanza mlishindana jozi ngapi?"

"Mbili."

"Na wa pili?"

Akasafisha miwani. Akaitazama kwenye taa, akaisafisha tena. "Wa pili wengine waliogopa."

Kwa hiyo mwaka wa pili alishindana na baridi, akaishinda. Nilicheka mpaka nikazima mashine. Yeye hakuona la kuchekesha. Alisema kuwa peke yako ndiyo ugumu wenyewe, maana huna wa kumlaumu.

Mavazi yake yalikuwa yaleyale miaka yote niliyomjua: suruali nyeusi ya kubana, sweta mbili, skafu, na nywele zilizopakwa piko. Piko yenyewe aliipaka mwenyewe bila kioo cha nyuma, kwa hiyo mbele alikuwa na miaka arobaini na kisogoni sabini. Wahindi wenzake walikuwa hawajui wamweke wapi. Kwenye shughuli akina mama walinong'ona, huyo ndiye aliyekuwa akibeba wanawake kwa suruali ya kubana. Mtoto wa mmoja wao alipotaka kujifunza mchezo, haohao walimpigia simu na sauti zimelainika, "Uncle, una nafasi?" Naye alikuwa nayo kila mara.

Sasa sikia kichekesho. Mtu huyu, aliyemaliza ujana wake juu ya barafu, aliiogopa barafu ya nje kuliko mgeni aliyeshuka kwenye ndege jana. Januari, kutoka kituo cha basi hadi mlangoni kwetu, hatua hazifiki mia. Alizitembea kwa robo saa, ameshika uzio kwa mikono miwili, anakwenda upandeupande kama kaa. Hata kabla hajashuka alikuwa ameshanipigia simu kutoka ndani ya basi.

"Mama Zuhura, shikamoo yako nitaipokea nikifika. Umemwaga chumvi?"

Kumwaga chumvi ya kuyeyushia barafu njiani si kazi yangu. Kuna kijana wa uwanja, lakini Jumamosi huyo huamka anapojisikia. Basi nilikuwa nachukua ndoo mimi, mama mtu mzima, naimwaga njia nzima ili Bingwa wa mkoa afike bila kuvunjika.

"Barafu si barafu tu, Bingwa?"

"Si sawa. Ya ndani ina adabu. Ya nje haina mwenyewe."

Hakuna mtoto aliyekanyaga barafu ya ndani bila kumwamkia. Na si watoto wa Kiswahili tu, maana hao ni wawili watatu, na wenyewe ukiwasemesha wanakujibu kwa Kiingereza. Wote: Waafghani, Wachina, Wafilipino, Wapakistani. Walipanga mstari mlangoni. "Shikamoo, Bingwa." Naye akajibu, "Marahaba. Haya, kaanguke."

Ndiyo, kaanguke. Mwezi mzima wa kwanza hakufundisha kingine. Kuanguka kwa ubavu, kuanguka kwa makalio, kukunja vidole visikatwe na chuma cha mwenzako. Mama mmoja alikuja juu, amelipa mtoto ajifunze kuteleza na kila wiki anarudi nyumbani amelowa. Bingwa akamwambia, "Kuteleza atajifunza mwenyewe, mama. Kuanguka lazima afundishwe." Mama yule akanigeukia mimi kama vile mimi ndiye niliyemleta duniani.

Sifa kwa watoto wa watu hakuwa nazo, zote alikuwa amejimalizia. Mtoto akifanya jambo la kushangaza, kubwa alilomwambia ni, "Si mbaya kwa mtu wa Scarborough," hata kama mtoto anaishi ghorofa la ng'ambo ya barabara. Lakini Zuhura wangu alipokuwa na miaka saba, siku ya kwanza, aliukumbatia ukuta wa uwanja akagoma kuuachia. Nikambembeleza, nikamtisha, nikaahidi chipsi. Bingwa akaja, akakaa chini. Alikaa juu ya barafu yenyewe na ile suruali yake, akaanza kumsimulia habari za paka wa Kariakoo aliyekuwa akiiba samaki kwa mkono wa kushoto. Saa nzima. Alipoinuka, suruali imelowa chapa chapa, Zuhura alikuwa amemshika kidole na ukuta ameusahau. Siku hiyo nilimsamehe kikombe.

Nimefika sasa kwenye godoro.

Wavulana waliokuwa wakubwa vya kutosha kunyanyua aliwawekea sheria moja, na hiyo hakuitania. "Ukimnyanyua mtu, wewe ni godoro," aliwaambia. "Mikono ikishindwa, ingia chini yake. Wewe ndiye unayefika kwenye barafu kwanza. Usirudi nyuma. Anayerudi nyuma akacheze peke yake." Kisha alileta gunia la mchele wa kilo ishirini, amelizungushia blanketi, akalisukuma kutoka juu ya ukuta wa uwanja, na mvulana lazima aingie chini yake kabla halijagusa barafu. Aliyelikwepa alirudia. Nimewaona wavulana wakirudi kwa mama zao na michubuko ya mchele. Mchele wenyewe sijui kama aliupika baadaye. Kwa bahili yule, naamini aliupika.

Mchezo wake mwenyewe uliishaje? Hapo alikuwa na maneno mawili tu, na kwa mtu mwenye mdomo kama cherehani ilikuwa ajabu. Mwaka wa tatu walikwenda kwenye mashindano ya nchi nzima, ambako jozi zilikuwa nyingi kwelikweli. Mwenzake akaanguka kutoka juu. "Alifanya papara," alisema Bingwa, akafunga skafu. Mwanamke yule akavunjika nyonga, hakuteleza tena. Basi. Na jina lake hakulitaja hata siku moja.

Niliamini. Kwa nini nisiamini? Tena Zuhura alipofika miaka kumi na minne, mwembamba lakini kiuno cha chuma, Bingwa akaniambia anataka kumfundisha kunyanyuliwa, na wa kumnyanyua ni Nasir, kijana wa Kiafghani mpole anayenisaidia kubeba masanduku. Mashangazi wa msikitini walisema waliyosema kuhusu binti na kushikwa kiuno. Nikawajibu kwamba mkono wenyewe unakaa kwenye mfupa wa nyonga, na anayeona raha pale apelekwe hospitali. Mimi hofu yangu haikuwa mkono kumshika. Hofu yangu ilikuwa mkono kumwachia. Lakini kulikuwa na sheria ya godoro, na mwenye sheria alikuwa Bingwa, nikasema sawa.

Maonyesho ya klabu yalikuwa yamebaki wiki tatu, na Zuhura hajapanda juu hata mara moja, ndiyo kwanza anaanza, alipotokea mwanamke dirishani kwangu. Mgoa wa Nairobi, mtu mzima, amevaa vizuri, anatembelea fimbo. Alikuwa ameendesha gari kutoka Mississauga na viatu vya mjukuu wake, mtu alimwambia hapa kuna mama anayenoa vizuri. Nilikuwa napokea viatu nikaona macho yake yamekwama. Kikombe kilikuwa pale pale, mwenyewe yuko uwanjani anapiga kelele.

"Bado anakitembeza?" akasema.

Nilielewa papo hapo ni nani. Nikamkaribisha kiti. Nikamwambia, kwa ujinga wangu, pole kwa ile siku, Bingwa alituambia ulifanya papara.

Hakukasirika. Alicheka kidogo, kicheko kikavu. "Papara? Dada, mimi huko juu ningefanya papara ya kwenda wapi?" Akatazama uwanjani. "Mkono wake ulishindwa. Mikono hushindwa, hiyo si dhambi. Mimi nikaanguka. Muziki ulikuwa haujaisha, na yeye akamalizia peke yake. Mpaka mwisho. Akainamia watu. Mimi nimelala pale."

"Na yeye alikuwa wapi ulipoanguka? Aliingia chini?"

"Hilo muulize yeye. Mimi nilishachoka kulisubiri."

Viatu vya mjukuu vilihitaji dakika kumi. Nikamwambia mashine ina kasoro, aje Jumamosi ijayo. Mashine haikuwa na kasoro yoyote. Nilitaka wakutane.

Alipoondoka nikamsubiri Bingwa. Alipofika dirishani kuchukua kikombe nikamuuliza bila salamu, "Ile siku ya mwisho, Bingwa, wewe ulikuwa godoro?"

Akaingiza kikombe kwenye mfuko. Akashindwa kufunga fundo la mfuko, akaondoka nao wazi.

Nyani haoni kundule, walisema wazee, lakini huyu lake aliliona miaka yote akalifunika kwa kikombe. Nilikasirika, na hasira yangu haikuwa kwa ajili ya mwanamke wa Mississauga peke yake. Mwanangu alikuwa anapelekwa juu kwa kanuni ya mtu aliyeikimbia mwenyewe. Usiku ule nilimwambia Zuhura hanyanyuliwi na mtu mpaka Bingwa aseme ukweli, amwambie mwenyewe aliyemwangusha. Zuhura alinijibu kwa Kiingereza kwamba nimemharibia maisha, akafunga mlango, na wiki nzima akanisemesha kwa kunyoosha vidole.

Jumamosi hiyo mvua ya barafu, ile inayoganda papo hapo inapogusa kitu, ilianza alfajiri. Ukichungulia nje mlangoni kila kitu kimevaa kioo: uzio, magari, alama ya kituo cha basi. Simu ikalia.

"Mama Zuhura. Umemwaga chumvi?"

"Ndoo iko tupu," nikasema. Ndoo ilikuwa imejaa, miguuni pangu.

Alichukua dakika arobaini kutoka kituoni. Nilimtazama njia nzima nikinywa chai, na naomba Mungu anisamehe, nilifurahi. Alipoingia sweta zote mbili zilikuwa zimelowa. Mwanamke wa Mississauga naye alikuwa amefika kwa gari, ameegesha karibu na mlango, yuko dirishani kwangu. Zuhura na Nasir walikuwa kwenye benchi wanafunga kamba za viatu. Wakaonana.

Nikamsubiri aseme. Sote tulisubiri, hata wasiojua wanasubiri nini.

Bingwa alifungua mdomo. "Hujambo," akasema. "Umenenepa kidogo." Kisha, kwa kuwa baba mmoja mgeni alikuwa anapita, akageuka na kukitoa kikombe mfukoni. "Hiki? Aa, kitu kidogo tu cha zamani." Na baba wa watu hakuwa ameuliza kitu.

Mwanamke yule akachukua viatu vya mjukuu wake. Akaniambia asante dada, akashika fimbo, akatoka. Mimi nilibaki na maneno kooni, na yote hayafai kuandikwa.

Ndipo nikakumbuka chumvi.

Nilitoka mbio na ndoo, lakini Bingwa alikuwa ameshapita mlangoni kabla yangu. Sijui ni nini kilimtoa. Labda alimwona kupitia kioo. Mwanamke alikuwa katikati ya mlango na gari, fimbo imeteleza, mguu mmoja umeondoka, mkono unatafuta hewa. Na yule mzee aliyekuwa akishika uzio kwa mikono miwili hakushika kitu. Alikimbia. Hatua tatu juu ya kile kioo, kisha akajitupa kwa ubavu, vidole amekunja, kama alivyowafundisha watoto wote wale, akateleza chini yake. Mwanamke akamwangukia. Nilisikia kitu kikivunjika na nikajua si cha mwanamke.

Tulipofika alikuwa amelala chali, uso umelowa mvua, piko inamchuruzika mashavuni. Mwanamke amekaa juu ya tumbo lake, kofia imepinda, mzima.

"Umeumia?" Bingwa akamuuliza.

"Sijaumia."

"Nyonga?"

"Nimekwambia sijaumia."

Nikainama nimnyanyue Bingwa. Akanikataza kwa kichwa. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala vibaya, umepinda pasipo kiwiko. Alikuwa analia, waziwazi, watoto wanamtazama, na wala hakuuficha uso.

"Ile siku," akamwambia. "Mkono uliposhindwa. Nilirudi nyuma. Ulikuwa unakuja, nikaogopa, nikakupisha. Hukufanya papara. Mimi nilirudi nyuma."

Mwanamke akamfuta piko shavuni kwa kidole gumba, akaifuta kwenye sweta yake yeye mwenyewe Bingwa.

"Najua," akasema. "Mimi nilikuwa juu. Nilikuona."

Gari la wagonjwa lilipokuja walimsaidia mwanamke kwanza, kwa kuwa alikuwa juu. Kisha nikamwaga chumvi, ndoo nzima, mpaka kijana wa uwanja aliyekuwa ameamka sasa akaniambia inatosha. Nikaendelea. Nilikuwa nalia na mimi, na nilihitaji kazi ya mikono.

Maonyesho yaliahirishwa. Bingwa alikaa nyumbani mwezi mzima. Jumamosi aliyorudi nilikuwa nimemwaga chumvi kabla hajapiga simu, na hakupiga. Mkono wa kulia umefungwa plasta, nywele zimeachwa nyeupe zote. Watoto wakapanga mstari. "Shikamoo, Bingwa." Nilidhani atawasimulia jinsi alivyoruka, na hakuniangusha: hatua tatu zilikuwa zimekuwa saba na maegesho yamekuwa mlima. Lakini alipofika mwisho aliwaambia wavulana na lile la zamani, alirudi nyuma, akalisema kwa Kiingereza na kwa Kiswahili ili asiwepo wa kusema hakusikia.

Nilimnolea Zuhura viatu siku hiyo, makali ya ndani na ya nje, nikavijaribu kwa ukucha mara mbili. Nikamwambia nenda. Akanijibu kwa Kiswahili, "Asante, mama." Akapanda juu, na mimi sikumtazama yeye. Nilitazama miguu ya Nasir.

Dirishani kwangu palikuwa na nafasi. Mtoto mmoja akamuuliza Bingwa kikombe kiko wapi.

"Mississauga," akasema. "Zamu yake."